Mashine ya Kilo Sita

Bawaba ya lango la zizi ilikatika Jumanne,
siku ambayo upepo wa Chubut
ulifungua kila kisichofungwa
na kubamiza kila kilichoachwa wazi.
Kondoo themanini na watatu wakavuka kwa jirani
kama watu waliokwisha kupatana zamani.

Fundi Nahuelquir yuko kilomita tisini.
Huja akija.
Mara ya mwisho tulimngoja wiki tatu,
akala mwanakondoo mzima, akasifu mchuzi,
akachomelea sehemu mbili, akasahau ya tatu.
Nikasema basi.
Nikashusha mkebe wa biskuti wenye pesa za sufu
nikapanda gari hadi Esquel.

Kijana wa dukani alinivuta moja kwa moja
kwenye ile nyekundu, yenye magurudumu na mtungi.
"Bibi Eluned, hii waya wake hujitoa wenyewe,
gesi inaufunika moto,
mshono unalala kama siagi juu ya mkate."
Kweli ilikuwa nzuri. Nusura niipapase.
Nikamwuliza: mwanangu, umewahi kufika kwetu?
Kwetu upepo humvua mtu kofia kichwani
na neno mdomoni.
Hiyo gesi yako itafika Atlantiki
kabla sijaona cheche ya pili.
Na mtungi ukiisha, niujaze kwa nini? Kwa dua?

Akanionyesha ya pili, ya transfoma,
nzito kama ng'ombe mwenye mimba,
ndugu ya ile ya baba yangu
iliyotufundisha sote kutukana kwa Kiwelisi.
Lakini jenereta yetu naijua:
birika na mashine ya kufulia zikiwaka pamoja
taa ya jikoni hupepesa kama jicho la mlevi.

Rahisi huvunja upishi, wahenga hawakukosea,
ila ghali nayo huvunja mkebe.
Nikasimama pale katikati
na glavu zangu za kukamulia.

Ndipo yule kijana, Nehuén jina lake,
akauliza lile ambalo angeanza nalo:
"Kwani unataka kuunga nini?"

Lango, nikasema. Meno ya haro.
Ulimi wa trela. Mguu wa kitanda cha kaka yangu Ifor,
ambaye si mnene, anasema, kitanda ndicho chembamba.
Lingine sikulitaja.
Mwanamke wa miaka sitini na minane
hamwambii muuza vyuma
kwamba ana gunia la viatu vya farasi
na usiku, akikosa usingizi,
huyaona manyoya ndani yake.

Akaenda stoo. Akarudi na kisanduku
cha kuning'inia begani kama mkoba:
inveta, kilo sita, ampea mia na sitini,
rodi za milimita mbili na nusu,
kila rodi imebeba moshi wake, haiombi mtungi kwa mtu.
Bei: kondoo kumi na wanne.
Nikalipa kumi na watatu na maneno.

Mshono wangu wa kwanza
ulikuwa kinyesi cha kuku kilichopangwa mstari.
Nikagonga ganda kwa nyundo: chini yake matundu.
Nikasaga kutu, jambo ambalo ningelifanya kwanza,
nikapunguza mkono, nikasogea karibu,
nikasikiliza. Moto ukiwa sawa
husikika kama nyama ikikaangwa chumba cha pili.

Lango linashika.
Nahuelquir alipita mwezi Agosti, akalitikisa,
akalitikisa tena kwa bega,
akauliza kama kuna mchuzi.

Na huko nyuma ya banda, pasipoonekana na barabara,
amesimama heroe wa chuma, shingo ya chemchemi ya trekta,
mbawa za viatu vya farasi waliokufa wote.
Ana mguu mmoja.
Wa pili niliutoboa kwa ampea nyingi,
bomba lilikuwa jembamba, mimi nilikuwa na haraka.
Wageni husema nimemwelewa ndege.
Nami huitikia kwa kichwa,
na kuwamiminia chai.